Maswali ya Wasomaji: Ekseli ya Lori chini ya Pikapu na Land Rover

Msimu wa korosho unapokaribia, barua zinazofika kwenye ukurasa huu hubadilika. Watu huacha kuuliza habari za rangi na redio, wakaanza kuuliza ni ekseli ya lori lipi inayoweza kufungwa chini ya gari dogo ili lihimili njia za kutoka mashambani hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi. Safari hii tumezikusanya pamoja barua za aina hiyo na kuzifupisha bila kugusa swali lenyewe. Katika majibu yetu, ekseli ni kitu kizima kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, pamoja na difu yake, yaani lile tumbo la gia la katikati, na habu zake, yaani vitovu vya kufungia magurudumu. Ile fimbo ya ndani inayozungusha gurudumu tutaiita shafti.

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Mimi ni mkulima na msafirishaji mdogo hapa Tandahimba. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya zamani, ile yenye springi za mabamba mbele na nyuma. Wakati wa msimu hubeba magunia 25 ya korosho, kila moja la kilo 80 hivi, kutoka shambani hadi ghalani. Msimu uliopita shafti ya nyuma kulia ilikatika nikiwa na mzigo, na gurudumu likachomoka pamoja na kipande cha shafti. Fundi wangu anashauri tufunge ekseli ya nyuma ya Fuso Canter yenye matairi mawili mawili, na ekseli yenyewe ameshaipata kwa bei nzuri. Je, nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, ndugu yetu, na sababu tutazieleza kwa urefu, kwa kuwa barua yako inagusa karibu kila jambo ambalo wenye pikapu hulisahau wanapoitamani ekseli ya lori.

Tuanze na kilichovunjika. Katika ekseli ya nyuma ya Hilux, shafti hufanya kazi mbili kwa pamoja: inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito wa gari, kwa sababu gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya shafti, na mwishoni mwa ekseli kuna beringi moja tu. Ndiyo maana shafti ilipokatika, gurudumu nalo likaondoka. Katika ekseli ya lori, na vilevile katika ekseli za Land Cruiser nyingi za kubebea mizigo, habu ina beringi mbili zinazokaa juu ya spindo, yaani lile bomba nene la mwisho wa ekseli, na uzito wote hutua hapo. Shafti hupita katikati ikiwa na kazi moja tu, ya kuzungusha. Mafundi huuita mpango huo fulu-floti. Shafti ya namna hiyo ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Unafungua nati za kifuniko cha katikati, unachomoa vipande, na gari linaweza kuvutwa hadi nyumbani bila jeki kuguswa. Kwa hiyo fundi wako ameutambua ugonjwa sawasawa. Tunalopingana naye ni dawa.

Magunia 25 ya kilo 80 ni kilo 2,000. Pikapu ya aina yako ilitengenezwa kubeba karibu nusu ya mzigo huo. Ekseli nene haiongezi nguvu ya chesisi, wala ya breki za mbele, wala ya stelingi, na pikapu yenye ekseli ya lori nyuma huishia kupasuka chesisi pale nyuma ya kebini, mahali ambapo uzito wa bodi na uzito wa mzigo hukutana. Ukifunga ekseli ya Canter na kuendelea kupakia magunia 25, utakuwa umehamisha uvunjikaji kutoka kwenye shafti, ambayo ni spea ya kununua, hadi kwenye chesisi, ambayo si spea.

Jambo la pili, na hili ndilo linalowaangusha wengi, ni uwiano wa difu. Tuseme difu yako ni ya 4.1, maana yake propela, ile fimbo ndefu inayopeleka mzunguko wa injini kwenye difu, huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye Canter utakutana na difu za 5.285 au 5.714. Kwa tairi lenye kimo cha sentimita 80, ukienda kilomita 80 kwa saa katika ile gia ambayo mzunguko wa injini hufika kwenye propela bila kupunguzwa wala kuongezwa, injini yako kwa sasa huzunguka karibu mara 2,200 kwa dakika. Kwa difu ya 5.714 itazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa mwendo huohuo, na ukitaka kilomita 100 kwa saa kwenye lami ya kwenda Mtwara, itapanda hadi mara 3,800 hivi. Dizeli itaisha upesi, na injini itapiga kelele safari nzima.

Hilo mtu asiyetoka nje ya wilaya yake angeweza kulivumilia. Lisilovumilika ni kinachotokea mbele. Gari lako lina difu mbili, na unapotia gia ya magurudumu manne, transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, huzilazimisha propela zote mbili zizunguke kwa mwendo mmoja. Ukiwa na 5.714 nyuma na 4.1 mbele, magurudumu ya mbele yatataka kwenda kwa kasi inayozidi ya nyuma kwa takriban asilimia 39. Katika mchanga wa Uwanda wa Makonde magurudumu yataburuzana na kujichimbia. Kwenye ardhi ngumu, mnyororo au gia za ndani ya transfa, au krosi, yaani viungo vya propela, zitakatika ndani ya mwendo mfupi. Tofauti inayokubalika ni ndogo mno: difu ya 4.10 na ya 4.11 zinaweza kuishi pamoja, kwa kuwa mwachano wake haufiki hata theluthi moja ya asilimia, lakini zaidi ya asilimia moja hatumshauri mtu yeyote. Kwa hiyo, anayechukua ekseli ya nyuma ya lori lenye uwiano mwingine, ama achukue na ya mbele yenye uwiano uleule, ama akubali kwamba gari lake limekuwa la magurudumu mawili, na kwa njia za kwenu gari la magurudumu mawili halina kazi baada ya mvua za kwanza.

Kuna pia suala la matairi mawili mawili, ambayo kwenye lami ni mazuri. Kwenye njia ya mchanga yenye mapito mawili, gurudumu la mbele hukanyaga na kufungua mfereji mwembamba, kisha yale mawili ya nyuma huja yakakuta mfereji hauyatoshi kwa upana wake, yakalazimika kufungua mchanga upya. Injini hulipa kazi hiyo mara mbili. Isitoshe, mawe hukwama katikati ya matairi na kuyakata ubavuni. Breki nazo zina hesabu yake: silinda za magurudumu ya Canter huhitaji mafuta mengi kuliko yanayosukumwa na silinda kuu ya Hilux, hivyo pedali itazama chini sana kabla gari halijashika, na mtelemko wa Newala si mahali pa kuligundua jambo hilo. Tuongeze kwamba ringi hazitaingiliana na za mbele, kwa hiyo utabeba tairi la akiba la aina mbili, na kwamba katika malori mengi ya Kijapani nati za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha kawaida. Dereva asiyelijua hilo atazikata studi zote, yaani bolti za gurudumu, huku akidhani ni kutu.

Ungetuuliza tungefunga nini, tungekuambia utafute ekseli ya nyuma ya fulu-floti ya Land Cruiser ya pikapu, ya mfululizo wa 70, iliyotoka kabla ya 1999. Kraunwili yake, yaani ile gia kubwa ya mviringo ndani ya difu, ina kipenyo cha milimita 241, ya kwako ina milimita 203. Springi zake ni za mabamba kama zako. Magurudumu yake yana studi 6 zenye mpangilio uleule wa milimita 139.7, kwa hiyo studi zitalingana na ringi zako. Za kuanzia 1999 zina studi 5, hizo ziache. Difu za 4.1 za ekseli hiyo zinapatikana bila taabu, na hivyo ya mbele haitaguswa. Kitakachobaki ni kupima umbali kati ya vikalio vya springi, kubadilisha flanji ya propela, yaani kile kisahani cha kuifungia kwenye difu, na kurekebisha nyaya za breki ya mkono. Baada ya kazi hiyo pakia kilo 1,000, si 2,000. Ikiwa biashara yako haiwezi kuishi bila tani mbili, basi nunua Canter yenyewe, ile inayoendeshwa kwa magurudumu manne, kwa maana hapo utakuwa umeinunua ekseli pamoja na chesisi, breki na springi zinazolingana nayo.

SWALI: Salaam. Nina Land Rover 110 ninayoitumia kati ya Liwale na Nachingwea. Difu ya nyuma imesagika. Jirani yangu ana Land Rover 109 iliyokufa injini, na ekseli yake ya nyuma ni ile nzito ya Salisbury. Nimeambiwa zote ni Land Rover, kwa hiyo itaingia tu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

JIBU: Ekseli ya Salisbury ni kweli ni ngumu, na watu wa Liwale wanaisifu kwa haki, muundo wake ni wa jamii moja na ekseli ya Dana 60 iliyofungwa kwenye malori madogo ya Marekani. Hata 110 nyingi zilitoka kiwandani nayo. Lakini ya 109 ina uwiano wa 4.7, na difu zako ni za 3.54. Hapo utasema kwamba gari lako lina difu ya katikati ndani ya transfa, ambayo huruhusu propela ya mbele na ya nyuma zipishane. Ni kweli inaruhusu, ila iliwekwa kwa ajili ya upishano mdogo wa kwenye kona. Ukifunga 4.7 nyuma, difu hiyo ya katikati itazunguka bila kupumzika katika kila mita utakayotembea, hata barabara ikinyooka kama ile ya kuingia Nachingwea, na itakwisha. Na siku utakapoifunga ili utoke kwenye tope, utarudi kwenye habari ya ndugu yetu wa Tandahimba.

Zaidi ya hapo, 109 hukalia springi za mabamba na 110 hukalia koili, kwa hiyo vikalio vyote vitakatwa na kuchomelewa vipya. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo na pia kuhamishia humo kraunwili ya 3.54 na pinioni yake, ile gia ndogo inayoizungusha, lakini hapa tuseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye Salisbury difu haitoki nzima. Gia hupangwa ndani ya ekseli yenyewe kupitia kifuniko cha nyuma, kwa visahani vyembamba vya kurekebishia nafasi, na ekseli hutanuliwa kidogo kwa kifaa maalumu ili beringi ziingie kwa mkazo unaotakiwa. Asiye na kifaa hicho na geji ya kupimia atazipanga gia kwa kusikiliza mlio, na gia zilizopangwa hivyo hulia wiki chache kisha hunyamaza kwa kuvunjika. Ekseli ya kawaida ya Rover, kama ilivyo ya Toyota, difu yake hutoka kama kichwa kimoja: unafungua nati pande zote, unachomoa shafti, unakitoa, unaingiza kingine kilichopangwa na fundi wa Dar es Salaam mezani kwake. Kazi hiyo hufanyika chini ya mwembe.

Kwa mtu anayeishi mbali na fundi wa difu, sisi tunaliweka jambo hili juu ya unene wa ekseli. Kwa hiyo kama ekseli yako ni ya Rover, nunua kichwa kizima cha 3.54 na uendelee na maisha. Kama tayari ni Salisbury, tafuta Salisbury nyingine ya 110, uifunge nzima bila kuifungua.

Tungekuomba pia uchunguze ni kwa nini ya kwanza ilisagika. Kwa njia zenu, chanzo cha kawaida ni maji. Ekseli huwa ya moto baada ya mwendo mrefu. Ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na ekseli huvuta maji kupitia oili sili. Kila ekseli ina tundu la kupumulia lenye kifuniko kidogo juu ya bomba lake. Kifuniko kikiziba kwa tope, maji huingia. Ondoa kifuniko, weka mpira mrefu unaopanda hadi juu ya kebini au ndani ya boneti, na ufanye hivyo mbele na nyuma. Ukiifungua difu na kukuta oili iliyogeuka rangi ya maziwa, utajua tumesema nini.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi kijana hapa Masasi. Wateja huniletea ekseli walizonunua kutoka magari yaliyokatwa, na mimi ndiye ninayetakiwa kuzifunga. Naomba unifundishe namna ya kuikagua ekseli kuukuu kabla mteja hajalipa, na namna ya kuchomelea vikalio vya springi bila kuipinda.

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Barua yako imetufurahisha kwa sababu umeuliza lile la kabla ya kulipa.

Kwanza tafuta uwiano, na usiuamini mdomo wa muuzaji. Kama difu iko nje, hesabu meno: meno 41 ya kraunwili kwa 10 ya pinioni ni 4.1, 37 kwa 9 ni 4.11; 40 kwa 7 ni 5.714. Kama imefungwa, weka alama ya chaki kwenye flanji ya propela na kwenye habu, zuia gurudumu moja lisizunguke, kisha zungusha flanji ukihesabu hadi gurudumu la upande wa pili limalize mizunguko miwili kamili. Idadi uliyohesabu ndiyo uwiano. Wengi husimama kwenye mzunguko mmoja na kupata nusu ya jibu, kwa kuwa husahau kwamba gurudumu moja likizuiwa, la pili huenda mara mbili.

Kisha fungua bolti ya chini, umwage oili kwenye karai safi na kuipitisha kati ya vidole. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma ngozi ni meno au beringi. Shika flanji ya pinioni uisukume juu na chini. Ikicheza kwa namna hiyo, beringi za pinioni zimekwisha, lakini ikizunguka kidogo kulia na kushoto kabla ya kraunwili kufuata, hiyo ni nafasi ya kawaida ya meno. Chomoa shafti zote mbili. Tazama mifereji ya mwishoni mwa shafti, ile inayoingia kwenye difu: lazima inyooke sambamba na shafti. Ikiwa imejisokota hata kidogo, shafti hiyo ilishapewa nguvu kuliko uwezo wake, na itakatika kwa mteja wako ingawa leo inaonekana nzima. Vua habu, pitisha ukucha juu ya spindo pale zinapokaa beringi. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, beringi ilikuwa inazunguka juu ya spindo badala ya kukaa. Spindo hiyo itakula beringi mpya kila mwezi.

Kupinda kwa ekseli hakuonekani kwa macho. Funga ringi mbili unazojua zimenyooka, pima umbali kati ya kingo zake upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya habu. Zungusha ringi nusu mzunguko na urudie, ili kasoro ya ringi yenyewe isikudanganye. Pima vilevile juu na chini. Ekseli ya nyuma inapaswa kukupa vipimo vinavyolingana, na ikiachana kwa milimita nyingi, iache ilipo.

Kuhusu kuchomelea, anza kwa kutambua chuma. Mabomba ya pembeni kwa kawaida ni ya chuma laini, yaani chuma cha kawaida kinachokubali moto wa welding. Lakini tumbo la katikati la baadhi ya ekseli ni chuma cha kumimina, na hicho ukikichomelea baridi kitapasuka kando ya mstari wako. Vikalio vya springi vikae kwenye bomba. Toa shafti, oili sili na beringi kwanza. Usiweke kikalio kwa kukisia: ifunge ekseli kwenye springi bila kuchomelea, lishushe gari likalie magurudumu yake kwa uzito wake wote, zungusha ekseli hadi flanji ya pinioni iwe sambamba na flanji ya transfa, ndipo uweke nukta chache za kushikiza. Propela yenye krosi moja kila mwisho ikikosa usambamba huo hutetemeka, na mtetemo huo hulegeza kila nati ya gari. Baada ya hapo toa ekseli na umalizie kwa mistari mifupi, ukihama upande hadi upande na kuacha chuma kipoe chenyewe, usimwage maji. Elektrodi za 7018 zinafaa, lakini zinyimwe unyevu. Ulizonunua dukani pwani zikiwa kwenye pakiti iliyofunguliwa tayari zimekunywa hewa ya bahari, na unyevu huo huingia ndani ya mshono ukausababishia nyufa usizoziona. Zikaushe kwenye joto kabla ya kazi, na zinazobaki zifungie kwenye kopo.

SWALI: Ninaishi Mtwara Mjini na huangalia sana picha za magari ya kushindania miamba ya Marekani. Wanafunga Dana 60, ekseli za Chevrolet za bolti 14, na hata Rockwell za malori ya jeshi. Ndugu yangu anafanya kazi nje na anaweza kuniletea kwa meli. Nina Land Cruiser. Je, nitapata faida?

JIBU: Faida ni ndogo kuliko nauli ya meli. Kraunwili ya Dana 60 ina kipenyo cha inchi 9.75, sawa na milimita 248 hivi. Ya nyuma ya Land Cruiser yako, kama ni ya inchi 9.5, ina milimita 241. Tofauti haifiki milimita 7. Ile ya Chevrolet ya bolti 14 ndiyo yenye uzito wa hoja: ina milimita 267, na pinioni yake hushikwa na beringi ya tatu kwenye pua yake, hivyo meno hayasukumani mbali mzigo unapozidi. Wamarekani huzipenda kwa sababu kwao zimejaa kwenye magari yaliyokatwa na bei yake ni ya chini. Sababu hiyohiyo, ukiileta Mtwara, ndiyo inayokuwa hoja ya Land Cruiser, maana ukienda Gerezani pale Kariakoo hutakosa beringi ya Land Cruiser, ilhali oili sili ya Dana utaiagiza na kuisubiri.

Upande wa mbele una mtego mwingine. Difu ya mbele ya Land Cruiser iko upande wa kulia wa gari, kwa kuwa propela ya mbele hutokea kulia mwa transfa. Dana 60 za mbele za Ford, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ziko kushoto, na ukiifunga hiyo propela itapita chini ya injini kimshazari na kugusa kila kitu. Za Chevrolet za zamani ziko kulia. Rockwell za tani mbili na nusu, zilizotoka kwenye malori ya jeshi ya M35, zina uwiano wa 6.72, na ni nzito mno. Gari la kutembea mwendo wa mtu juu ya miamba linazihitaji, gari la kwenda Lindi na kurudi halizihitaji.

SWALI: Tunapeleka wageni ufukweni Kilwa na wakati mwingine Msimbati. Gari hukwama mchangani. Je, ekseli kubwa zaidi itasaidia?

JIBU: Haitasaidia, itaongeza uzito, na difu yenye tumbo kubwa italima mchanga. Punguzeni upepo wa matairi hadi paundi 18 hivi mnapoingia mchangani, mbebe pampu ya kuurudisha kabla ya lami, na mkirudi mmwagie breki na ekseli maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

SWALI: Nimeshabadilisha ekseli zote mbili, sasa ni za lori dogo, mbele na nyuma, uwiano ni mmoja. Je, ninaruhusiwa kupakia zaidi? Na nitumie oili gani? Niko Lindi Mjini.

JIBU: Hongera kwa kubadilisha zote mbili. Kuhusu uzito, unaoruhusiwa ni ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari, na kufunga ekseli nyingine hakuubadilishi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali salama, kwa hiyo lipeleke likaguliwe na askari wa usalama barabarani, peleka taarifa ya mabadiliko TRA, na uiandikie kampuni yako ya bima barua ukabaki na nakala. Bima isiyojua kilicho chini ya gari ina sababu nzuri ya kutokulipa.

Oili iwe ya gia, ya daraja la GL-5. Kwa joto la pwani na mizigo, 85W-140 inafaa kwa difu za lori; 80W-90 itatosha kama kitabu cha ekseli kinaitaja. Ijaze hadi usawa wa tundu la kujazia na usizidishe, kwa kuwa ikizidi itatafuta njia ya kutokea kupitia oili sili na kulowanisha breki. Oili ya kwanza imwage mapema, baada ya kilomita 1,000 hivi, hasa kama gia ni mpya au zimepangwa upya. Kaza bolti za springi zenye umbo la U baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu mabamba hujipanga upya yakishabonyezwa, na siku hiyohiyo inua kila gurudumu, ulishike juu na chini na kulitikisa. Habu ikicheza, kaza nati ya beringi kabla gari halijatoka tena.